Kamba ya Ukindu

Walisema amekufa vizuri. Pasikali, mtoto wake wa kwanza, alinipigia simu kutoka Kasongo nikiwa dukani kwangu hapa Kabambare, nampimia mama mmoja chumvi. "Yaya Feza, dada yangu, papa ametuacha. Alilala jana, leo hakuamuka. Amekufa muzuri, hakusumbuka hata kidogo." Nilimaliza kupima chumvi, nikamuaga yule mama kwa adabu, kisha nikakaa juu ya gunia la maharagi. Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira, tena hasira ile ya zamani niliyodhani nimeshaizoea. Mjomba Donasiani alilala! Alipewa usingizi mzuri mpaka wa mwisho, wakati mimi, tangu mwaka ule mmoja nilioishi nyumbani kwake nikisoma sekondari, sijafunga macho bila kujiuliza kama mwili utakubali kuamka pamoja nami. Pasikali akaendelea kuniomba nifike kwenye matanga, maana mzee alinilea, na familia ingefurahi niseme neno mbele ya watu. Niseme neno. Mwaka ule walinishika niseme neno moja tu, jina la mtu, wakaninyima chakula ili niliseme, nikakataa. Sasa wananiita kwa heshima nikaseme. Nilimjibu nitakuja. Sefu, mume wangu, aliniangalia nikikunja kitenge cha msiba, akaniambia niende nikazike, nisiende kugombana. Nikamwambia mambo hayo mawili naweza kuyafanya kwa safari moja.

Kasongo nilifika nimejaa tope mpaka masikioni. Pikipiki ilitukwamia kabla ya Lusangi, tukaisukuma, tukaanguka, tukaisukuma tena, na njia nzima nilikuwa naiona ile nyumba kichwani. Ilikuwa, na bado iko, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na baraza, nyuma yake ua, na mwisho wa ua jiko lenye paa la nyasi. Mwaka ule nililazwa jikoni. Wasichana waliotoka vijijini kuja kusoma walilala jikoni, na hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba nilimkuta humo Mama Mwavita. Alikuwa mjane wa kaka mkubwa wa mjomba, mwanamke wa huku Kabambare, mfupi, mwenye mikono migumu, aliyesuka mikeka ya ukindu tangu asubuhi mpaka giza. Hakuzaa. Yeye na marehemu mumewe ndio waliojenga nyumba ile: walichimba udongo, wakaukanyaga kwa miguu yao, wakafyatua matofali, wakayachoma. Mtaa mzima ulijua. Mume alipokufa, mjomba na mkewe Rejina walikuja kukaa naye asibaki peke yake, kisha watoto wakazaliwa, vyumba havikutosha tena, na Rejina akamwomba ahamie jikoni kwa muda. Muda huo haukuisha. Lakini kwa desturi ya pale, mjane anayewasha moto wake ndani ya ua wa mumewe, bila aibu yoyote juu yake, hakuna wa kumtoa. Na siku atakayosema anarudi chumbani kwake, hakuna wa kumkatalia. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yake hata akilala kwenye majivu, na Rejina alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana. Nilitoka shuleni, nikala wali na mboga ya lengalenga ya mawese pamoja na kipande cha samaki wa Lualaba, nikajilaza chali mkekani, jua likipita kwenye matundu ya paa. Nikaamka. Yaani macho ndiyo yaliyoamka: niliona mafiga, niliona chungu, niliona kuku akichokora karibu na mguu wangu. Nikataka kumfukuza yule kuku, mkono ukakataa. Nikataka kuita, mdomo ukakataa. Kifua kilikuwa kizito kana kwamba mtu mnene amekaa juu yake na hana haraka, na pale mlangoni palikuwa na kitu cheusi kimesimama, kinaniangalia. Nilisikia kila kitu, hata watoto wa jirani wakigombania mpira, na sikuweza kutikisa hata ukucha. Kisha ikaniachia ghafla, nikapiga kelele, kuku akaruka, Rejina akaja mbio na mwiko mkononi. Nikamweleza yote. Hakuniuliza kama naumwa. Aliuliza, "Iko nani alikukalia?" Kwetu husema hivyo, mtu amekaliwa, na wakishasema hivyo wanaanza kumtafuta aliyekaa. Nikasema sijui, sikuona sura. Akasema nitamuona tu, tusubiri.

Ikawa mazoea. Kuna wiki ilinishika karibu kila siku, mara alfajiri, mara mchana, nikawa naogopa mkeka wangu na kusinzia darasani. Mjomba alifundisha biolojia katika shule yetu. Alichora moyo na mapafu ubaoni kwa chaki za rangi, vizuri mpaka wanafunzi wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani. Asubuhi tuliongozana shuleni, yeye akisukuma baiskeli ili nisiachwe nyuma, na asubuhi moja nikamwambia. Alisimama. Aliniuliza maswali ya mtu mwenye akili: kama nalala chali, kama nachoka, kama nasoma mpaka usiku sana kwa kibatari. Halafu akasema, "Feza, hiyo iko mwili tu. Kichwa kinaamka mbele, mwili unabaki nyuma, haujapata habari. Inapitaka. Hakuna mutu, hakuna mulozi. Usiogope." Nililia palepale barabarani kwa furaha, watu wa sokoni wakatuangalia. Siku ile nilimpenda kuliko watu wote wa Kasongo. Nataka msomaji alishike hilo: mjomba Donasiani alijua. Wengine wote nawapunguzia kidogo, kwa kuwa hawakufundishwa. Yeye simpunguzii kitu.

Mama Mwavita hakuwahi kuniuliza nani. Aliuliza ni kiungo gani kinachorudi kwanza. Nikafikiri, nikamwambia kidole gumba cha mguu wa kulia; nikijitahidi sana, hicho naweza kukitikisa kidogo. Sikio lake moja lilikuwa zito, na baada ya siku nzima ya kusuka alilala usingizi mzito pia, kwa hiyo asingesikia pumzi zangu. Akachukua mabaki ya ukindu, akasokota kamba nyembamba pajani, akafunga ncha moja kwenye kidole changu na ncha ya pili kwenye mkono wake. "Ukitikisa, miye nitasikia kwa mukono," akasema, kisha akalala kama mtu aliyemaliza kufunga mlango. Ikafanya kazi. Kidole kilitikisika, kamba ikavutika, akaamka na kunisukasuka mabegani huku akinisemesha Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare, maneno ya kawaida ya kumwamsha mtoto aende kuteka maji. Nilijua Kibangubangu cha kuamshwa kabla sijajua cha kusalimia. Mara nyingine niliota nakimbia, nikapiga teke, nikakaribia kumng'oa mkono, naye akanigombeza kwamba mimi ni samaki gani huyu anayevua mvuvi. Tukacheka gizani. Kama kuna jambo jema la mwaka ule ni hilo: wanawake wawili jikoni wanacheka, mmoja amefungwa kidole, mwingine mkono. Asubuhi kamba aliitundika kwenye msumari pamoja na mafungu ya ukindu, na hakuna aliyeitazama.

Mchana mmoja alikwenda sokoni kuuza mikeka, nikalala peke yangu jikoni, ikanishika. Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, Rejina alikuwa akipepeta mchele pamoja na mwanamke aliyeongoza chumba cha maombi cha mtaa wetu, ambaye wote tulimwita Mwombezi. Sidhani walijua nimo ndani. Nilisikia mchele ukirushwa kwenye ungo. Nilisikia Rejina akisema amechoka kukaa kwa wasiwasi ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Kwamba yule mama akiamka siku moja akadai chumba chake, au akaleta ndugu zake wa Kabambare wakae, Donasiani hatafungua mdomo. Mwombezi akauliza kama yule mama ana aibu yoyote inayojulikana. Rejina akasema hana. Ungo ukatulia kidogo. Kisha Mwombezi akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia bei ya nyanya, "Si huyu mutoto anakaliwa? Basi. Mutoto mwenyewe akitaja jina, hakuna mutu ataulizia kitu." Wakaendelea na mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta tu, macho wazi, nayaona matundu ya paa, najaribu kupiga kelele mpaka nikadhani moyo utapasuka, na hakikutoka kitu. Nimeishi na ugonjwa huu maisha yangu yote. Umenishika nikiwa na mimba, umenishika juu ya mizigo ya lori. Sikuwahi kuuchukia kama mchana ule.

Jioni nilimweleza Mama Mwavita tukila bugali na sombe ya majani ya muhogo. Hakuacha kutafuna. Alisema hayo si mapya, ila zamani walikosa njia. Akanisogezea kipande cha samaki kilichokuwa upande wake, akasema, "Weye usitaje jina la mutu hujamuona. Ni hivyo tu." Nikamwahidi. Nilikuwa msichana mdogo, sikujua ahadi kama ile itanigharimu nini, lakini nilijua vizuri kwamba nikifungua mdomo yeye anapoteza nyumba, nikifunga anabaki.

Hazikupita siku nyingi wakanipeleka kwenye chumba cha maombi. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mwombezi: pazia la zambarau, maua ya plastiki ndani ya chupa, na mkeka mmoja mkubwa. Mkeka ule, naapa, ulisukwa na Mama Mwavita. Niliujua kwa pindo lake. Nikakalishwa juu yake nifunge chakula mpaka nitaje. Upande wa pili wa ua jirani alikaanga mandazi kila asubuhi, na harufu ilipita chini ya mlango ikakaa nami mchana kutwa. Wanawake walipokezana kuimba na kunishika mabega. Taja, Feza. Taja upone. Ni nani anakupikia? Ni nani analala karibu nawe? Hawakusema jina wao wenyewe, hapana, walikuwa waangalifu. Walinijengea njia nzima mpaka mlangoni, wakaniachia mimi kugonga. Nikasema hakuna mutu. Nikalisema kila walipouliza. Na kwa kuwa sikuwa nakula wala kulala, ile hali ikanishika mbele yao, macho wazi, mwili umekataa. Hawa waliosema wanapigana nayo usiku na mchana, siku walipokutana nayo hawakujua la kufanya. Wakapiga mayowe, wakanikalia, mmoja kwenye kila mguu na mwingine kifuani, wanashindana na shetani. Nikwambie jambo moja: katika miaka yangu yote hakuna mchawi aliyewahi kunikalia. Walionikalia ni wanawake wa maombi, mchana kweupe, na walikuwa wazito.

Walinirudisha nyumbani nikiwa siwezi kusimama. Mwombezi alimwambia Rejina kwamba ulimi wa mtoto umefungwa, maana yake mlozi yuko karibu, tena ni yule anayemlisha. Mama Mwavita alininywesha uji wa mchele kijiko kwa kijiko, akanifunga kamba, nikalala. Asubuhi ilikuwa Jumapili. Rejina akaingia jikoni bila hodi kutafuta birika, akatuona: mimi kidole, yeye mkono, na kamba katikati yetu juu ya mkeka. Hakupiga kelele. Alichukua birika lake akatoka, na nikamsikia akimwambia mtoto akimbie kwa Mwombezi.

Baada ya ibada ua ulijaa. Mwombezi alikuja na kijiti, akainua ile kamba kwa ncha ya kijiti kana kwamba itamuuma, akaeleza watu kwamba hii ndiyo njia ambayo mama huyu anavuta roho ya mtoto kila usiku. Jirani wa ukuta akasimama kushuhudia kwamba kweli, usiku husikia sauti ya kizee ikisema juu ya mtoto aliyelala, kwa lugha asiyoielewa. Watu wakaguna. Nikasimama nikaeleza. Nilieleza vizuri, nilikuwa mwanafunzi mzuri: kidole kinachorudi kwanza, mkono unaosikia badala ya sikio, maneno ya kuteka maji. Nilijitolea hata kulala palepale chini niwaonyeshe. Walinisikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa kali. Ndipo nikamgeukia mjomba, aliyekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa nyumba. "Mujomba, waambie vile uliniambia kwenye barabara." Watu wakamtazama mwalimu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili, vimepakwa rangi vinang'aa. Aliangalia kiatu kimoja, akaona tope kidogo, akalifuta kwa soli ya kiatu cha pili. Akasema, "Mambo ya jikoni, wamama ndio wanayajua."

Mama Mwavita hakujitetea kwa yeyote. Alimtazama yeye tu. "Donasiani, haya matofali unayajua. Wakati tulikuwa tunayafyatua, weye ndiye ulikuwa unatuletea maji." Akasubiri. Nakumbuka alisubiri muda mrefu, mikono mbele, na mjomba alikuwa mzima, macho makavu, mdomo wake haukushikwa na ugonjwa wowote. Mama Mwavita akaingia jikoni kufunga mafungu yake ya ukindu. Kamba waliichoma kwenye mbabula, jiko la makaa lililokuwa likichemsha chai, kisha ile chai wakainywa, wote, na mikate. Kesho yake mtu wa baiskeli alimpakia na mizigo yake kwenye kiti cha nyuma, akamsukuma kuelekea njia ya Kabambare, na mvua ilikuwa inanyesha. Rejina alisimama barazani akimwagiza mtu wa baiskeli aende polepole kwenye utelezi. Hilo nalo sijalisamehe, ule wema wa baraza.

Na je, nilipona? Hapana, bila shaka hapana. Nilibaki kwa ajili ya mitihani, nikalala jikoni peke yangu, na ile hali ikanishika zaidi kuliko zamani, maana sasa nililala kwa hofu na hakuna wa kunivuta. Rejina alinikuta mara kadhaa nikilia. Nikamuuliza, mama, mlozi ameshakwenda, mbona bado? Nilidhani nimemkamata. Alikuwa na jibu tayari: anafanya kazi kutoka mbali. Nilielewa siku ile kwamba watu wa aina hii hawawezi kushindwa, na kwamba kueleza ni kupoteza pumzi. Mjomba aliacha kuongozana nami. Asubuhi alipanda baiskeli mapema akaenda zake. Mitihani ilipoisha nilifunga mfuko wangu nikatembea na wauza samaki mpaka huku Kabambare, nikaulizia nyumba ya kaka yake Mama Mwavita. Nilimkuta barazani anasuka. Aliniangalia, akaangalia miguu yangu iliyovimba, akaanza kusokota kamba mpya. Shule sikurudi tena. Mikeka tuliyosuka pamoja ndiyo iliyonunua chumvi ya kwanza ya duka langu. Alikufa kwa kaka yake, katika chumba cha kuazimwa, na kila alipoona watu wanachoma matofali alisimama kidogo kuangalia.

Sasa nirudi kwenye matanga. Walikuwa wametandaza hema ya plastiki juu ya ua uleule, viti vya kukodi, jenereta linanguruma nyuma. Jiko la zamani bado lilikuwepo, limekuwa ghala la mkaa na viti vibovu. Rejina alikaa chini barazani kati ya wanawake, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Tulisalimiana kwa vidole. Pasikali alinieleza kwamba mzee alikuwa akinywa dawa za moyo kwa miaka mingi, na miguu ilikuwa imevimba mwezi mzima, na nikawaza ile michoro yake ya chaki nyekundu na buluu. Nilikuwa nimechoka na njia, nikaomba mahali pa kujinyoosha, wakanipeleka chumba kidogo kinachotazamana na jiko. Nilijilaza. Nje ya dirisha, wanawake walikuwa wakipepeta mchele wa wageni, na mmoja wao alikuwa mke wa Pasikali. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anashangaa tu: mwanamume mzima, jioni amekula, usiku amekufa bila hata kukohoa? Ni nani alikuwa analala naye? Mwingine akaguna. Mke wa Pasikali akasema wao ni wengi, watoto wanalala barazani, na yule mama peke yake ana chumba kizima. Akasema kuna watu wa maombi wanaweza kuja Jumapili.

Nilisikiliza nikiwa nimelala chali, macho wazi, nikiangalia dari. Nitasema ukweli wote: kwa muda fulani nilifurahi. Nilisikia ule mchele ukirushwa kwenye ungo na nikazidi kufurahi. Acha naye apakiwe kwenye pikipiki, acha mvua inyeshe. Ningeweza kubaki nimelala vilevile, nisimame baadaye niseme mzee alikuwa mwalimu bora, nirudi kwangu. Hakuna ambaye angenilaumu. Kisha nikajaribu kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa mazoea. Kilitikisika. Nikajaribu mguu, ukakubali. Nikaketi, nikavaa viatu. Hasira yangu haikupungua hata kidogo. Ilipata tu pa kwenda.

Waliponipa kipaza sauti, ua ulikuwa umejaa kuliko Jumapili ile. "Mwaka ule muliniomba jina," nikasema. "Wengine muko hapa. Leo nalitaja. Mwavita. Yeye na mume wake ndio walijenga hii nyumba, na mulimufukuza kwa sababu ya kamba ya mukeka. Alikuwa ananiamsha. Mujomba alijua, na alinyamaza." Mtu mmoja upande wa wanaume akakohoa. Pasikali alinyanyuka nusu, akakaa. "Tena nimesikia kuna wenye kutafuta nani amemukalia mzee. Mzee alikuwa na moyo mugonjwa, dawa zake ziko kwenye kabati. Rejina si mulozi. Rejina ni mwizi. Aliiba nyumba ya mujane mwenzake, na mume wake alimushikia mulango. Mutu akiwa mwizi, mumuite mwizi." Nikamrudishia Pasikali kipaza sauti. Jenereta lilikuwa peke yake likinguruma mpaka kwaya ikaanza wimbo, kwa kuharakisha, katika sauti mbili tofauti. Nilikula sahani yangu yote ya wali. Mke wa Pasikali hakuniletea chai. Lakini jioni, nyuma ya ukuta, nilimsikia Pasikali akimwambia kwamba mama yake atakaa chumbani kwake mpaka Mungu atakapomchukua, na kwamba hataki kusikia habari za Jumapili.

Asubuhi nilipokuwa nafunga mfuko kwenye pikipiki, Rejina alitoka kwa mlango wa nyuma akanifuata polepole, akishika ukuta. Nilidhani anakuja kunitukana, na nilikuwa tayari. Alisimama karibu sana, ili dereva asisikie. "Ile kamba," akasema, "mulikuwa munaifunga wapi?" Nikamwangalia. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema tangu zamani, alfajiri, ila mzee alikuwa anamsukasuka anaamka; sasa inamshika na hakuna mtu. Sikumpa pole. Nilimwonyesha kwenye mguu wangu mwenyewe: hapa, kidole gumba, fundo lisibane, na ncha ya pili kwenye mkono wa mtu anayelala karibu. Aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Nikamuuliza hiyo ncha ya pili atamfunga nani. Aliangalia mlango wa mke wa Pasikali, kisha akaangalia lile jiko, na akabaki akiliangalia. Nikapanda pikipiki.